Mgongo wa Mkwe

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Joto la Mpanda mwezi huu halina adabu hata kidogo. Saa mbili asubuhi koti langu la kazi limeshagandana na mgongo, na mgonjwa wa kwanza bado sijamwona. Halafu na Daktari Baltazari naye! Jana katoka kanisani na pikipiki yake, kakwepa mbuzi, kaanguka, kavunjika mkono wa kulia. Nimemfunga plasta mwenyewe, naye muda wote ananielekeza kama vile mkono ni wa mtu mwingine.

"Kuanzia leo, Juliana," akaniambia, "mikono ya hospitali hii ni yako."

Nikacheka. Halafu nikakumbuka kuwa daktari ni mmoja tu hapa, na tabibu ni mimi peke yangu, kicheko kikakatika. Shangazi Dorotea, muuguzi wa wodi ya wanawake na dada yake baba yangu, akanipiga begani: "Si ulilia unataka kusoma? Haya, fanya kazi sasa."

Ijumaa, 17 Oktoba

Malaria, malaria, malaria. Mtoto mmoja kameza kifungo. Kimetoka.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo nimepelekwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kuonyeshwa kwa mama yake Onesphore. Onesphore ni yule mkulima wa tumbaku aliyemleta jirani yake hospitali mwaka jana. Jirani akapona akaenda zake, yeye akaendelea kuja kila Jumamosi, eti kichwa kinamuuma. Homa hana, shingo nzima, macho yanang'aa. Nikamwambia kichwa cha namna hiyo hakitibiki mikono mitupu, aje na karanga. Tangu hapo analeta karanga.

Tulimkuta mama yake, Mama Séverine, kwenye vitalu vya tumbaku, anamwagilia miche. Nikapiga goti, shikamoo Mama. Akaitikia kwa sauti ya puani, maana pua yenyewe ilikuwa imebanwa kwa kijiti. Jamani! Nilikuwa nasikia tu hizi habari. Wazee wa Katumba wengine hawavuti tumbaku wala hawanusi unga wake. Wanailoweka, wanayamimina maji yake puani, wanabana na kijiti, wanakaa nayo huku wanapiga stori. Ikishawatosha wanaachia, wanapenga, wanasuuza pua kwa maji mengine.

Na hayo maji mengine, sasa! Mama kachota kwa kiganja kwenye shimo la kumwagilia miche, maji yamelala pale tangu sijui lini, rangi ya chai ya maziwa, yamepigwa jua mpaka yanatoa joto. Kayavuta puani kwa nguvu, machozi yakamtoka.

"Mama, si kuna kisima pale?" ikanitoka tu.

"Maji ya kisima baridi, yananichoma. Haya yamepata jua."

Labda uso wangu ulisema zaidi ya mdomo. Tukala ugali na maharage, vizuri tu, baba wadogo zake Onesphore wanacheka, nikaanza kujisikia nyumbani. Ndipo Mama akaweka sahani chini.

"Huyu binti anaiangalia pua yangu kama imeoza. Mimi nilitoka Burundi mwaka sabini na mbili na Onesphore mgongoni, miguu imevimba, mvua inanyesha. Sikumbeba mpaka huku ili aoe mtu asiyejua hata kunisalimia kwa lugha yangu. Oya, hapana. Sijakubali."

Hata kuku waliacha kudonoa, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimesalimia kwa goti. Kwa goti! Kwenye tope! Sketi ina doa mpaka sasa. Bibi yule akae hukohuko na pua yake.

Alhamisi, 23 Oktoba

Onesphore kaja. Sikutoka nje. Karanga nimezipokea.

Jumatatu, 27 Oktoba

Trekta la chama cha wakulima limeingia getini mchana, nyuma ya tela kuna godoro, juu ya godoro Mama Séverine. Onesphore kamshikilia kichwa. Anaumwa tangu juzi: kichwa kinapasuka, anatapika, mwili moto. Hasira zangu zote za wiki nzima zikanipotea palepale, nikabaki nimeshika stethoskopu kama mwanafunzi.

Kipimo cha damu hakina malaria. Tumemtundikia kwinini hata hivyo, maana hapa kwetu malaria hujificha. Jambo moja limenishangaza. Kila mara anauliza nani anachoma manyoya ya kuku. Hakuna anayechoma manyoya. "Yananukia," ananiambia, amenikazia macho, "nyie hamsikii?" Bado ananijua, maana nilipomgusa shingo akaongeza: "Na wewe sijakukubali."

Shingo ngumu kama ubao.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimechoka lakini hii lazima niiandike.

Asubuhi Mama alikuwa haeleweki tena. Anaita watu wa Burundi ambao Onesphore mwenyewe hawajui. Daktari Baltazari akasema tusingoje, tutoe maji ya uti wa mgongo. Akauangalia mkono wake wa plasta, akaniangalia mimi. Nikaanza kunawa.

Onesphore akasimama mlangoni, kanyoosha mikono kila upande.

"Juliana, hapana. Wewe ni mkwe wake. Huwezi kumfunua mgongo."

Kweli, nilikuwa nimesahau. Kwetu kijijini Mamba, na kwao pia, mkwe haoni mgongo wa mkwe wake. Ukiuona umemvua nguo mama wa mumeo, na ndoa hapo imekufa kabla haijaanza. Nikasimama na mikono inachuruzika maji. Daktari yeye Mfipa, mwiko huu si wa kwao, lakini hata yeye akainamisha kichwa.

Shangazi Dorotea ndiye aliyetoka nyuma ya pazia na beseni.

"Mkwe gani?" akasema. "Mama huyu si alikataa? Si alikataa mbele ya baba zako wadogo? Binti aliyekataliwa si mkwe wa mtu. Huyu hapa ni tabibu na yule ni mgonjwa. Wewe Onesphore shika miguu, au toka nje ukalie huko."

Onesphore akashika miguu. Naapa, sikuwahi kufikiri nitamshukuru Mungu kwa kukataliwa.

Tukamlaza ubavu, tukamkunja. Daktari kwa sauti ya chini: hapo, shuka kidogo, usiogope. Maji yakatoka yamechafuka kama ya kuoshea mchele. Siku zote maji haya tunayaweka kwenye friji mpaka adhuhuri, genereta ikiwashwa ndipo Makarius wa maabara anayazungusha kwenye mashine. Leo dizeli hakuna. Nikasema basi nimpelekee hivihivi. Natoka mlangoni, mvua! Mvua ya kwanza ya mwaka, imekuja na upepo na mawe. Nikaisokomeza ile chupa kwapani ndani ya koti, nikakimbia.

Makarius ndiye mwalimu wa kwaya ya parokia. Akihesabu chembe huwa anaimba sauti ya nne. Akadondosha tone kwenye kioo, lina joto la kwapa langu, akageuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani apate mwanga, akaanza kuimba. Halafu akanyamaza.

"Juliana. Chembe nyeupe zinatembea."

"Chembe nyeupe huwa zinajongea kidogo."

"Kidogo, ndiyo. Hizi zinaenda sokoni. Njoo uone."

Nikaweka jicho. Mama yangu weee! Vitu vinatanua tumbo upande mmoja, vinamiminika humo, vinatanua tena, vinasonga. Si chembe za damu hizo. Tukaanza kupiga kelele wote wawili, Makarius ananishika mkono anarukaruka, mpaka tukakumbuka vinatoka kichwani mwa mtu. Tukanyamaza kwa aibu.

Daktari akaja na mwavuli mkono wa kushoto, akaangalia muda mrefu. Akasema neno moja: "Amiba." Si ile ya kuhara tunayoijua, akasema, ni nyingine, inayokaa kwenye maji ya vuguvugu, inapanda kwa njia ya pua mpaka kwenye ubongo. Alifundishwa chuoni kwa dakika chache tu, hakudhani angeiona maishani. Akakaa kwenye stuli.

"Ikipata baridi inajikunja, inalala kama chembe nyeupe," akasema. "Nasi miaka yote tunaipeleka kwenye friji. Sijui wangapi tumewapitisha humo."

Mvua inapiga bati, na mimi nawaza wale vijana wawili wa mwaka juzi, tuliosema ni homa ya uti wa mgongo ya kawaida, wakafa na dawa zetu mwilini.

Akamuuliza Onesphore kama mama yake alioga mtoni au bwawani. Onesphore akashangaa: Mama haingii mtoni, anaogopa maji tangu walipovuka mto wakitoka Burundi. Daktari akakuna kichwa, basi imeingia vipi? Ndipo nikaliona akilini lile shimo la vitalu, na kile kiganja.

"Daktari," nikasema, "Mama huyu anasuuza pua."

Nikaeleza. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwa nina macho ya umbea.

Dawa, sasa. Kwenye friji ya mafuta ya taa kuna chupa za dawa kali ya fangasi, zilibaki kwa mgonjwa wa mwaka jana aliyefariki kabla hazijaisha. Daktari anasema ndiyo hiyo hiyo inayoua amiba, pamoja na ile nyekundu ya kifua kikuu. Sharti iingie kwenye mshipa, na iingie pia kwenye uti wa mgongo, mara kwa mara. Kwa mikono yangu. Akatuambia ukweli bila kuuzungusha: waliopona dunia nzima ni wachache mno.

Nikamvuta Onesphore pembeni. "Akifa, Katumba nzima itasema nimemuua kwa sababu alinikataa."

"Najua," akasema. Macho mekundu. "Fanya."

Jumatano, 29 Oktoba

Chupa ya dripu tumeifunika kwa kitenge cheusi cha Shangazi, dawa haitaki mwanga. Mama katetemeka mpaka kitanda kikasogea. Hajafumbua macho.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hajafumbua.

Ijumaa, 31 Oktoba

Hajafumbua. Mvua tu. Baba mdogo mmoja wa Onesphore kaja, kasimama kwenye kizingiti, kaniangalia mikono, kaondoka bila kuaga. Ninajua anachofikiri. Nimelia kwenye stoo ya mashuka, halafu nimerudi kumgeuza asipate vidonda. Mgongo wake una kovu refu begani. Onesphore anasema ni kamba ya kumbebea yeye, ilimkata njiani. Mgongo huohuo natoboa mimi. Nimemwomba radhi kwa sauti, ingawa hasikii.

Jumapili, 2 Novemba

AMEFUMBUA! Jamani, amefumbua! Nilikuwa nabadilisha dripu. Namwona anauangalia mwavuli wa Daktari unaoning'inia ukutani, kwa umakini, kama anataka kuununua. Nikasema "Mama?" Akageuza macho. Akanitazama. Akafungua mdomo, hakuna sauti. Nikamlowesha midomo. Akajaribu tena.

"Sijakubali," akasema.

Nikapiga yowe mpaka wagonjwa wa wodi ya wanaume wakadhani kuna msiba. Shangazi kaja anakimbia na kandambili moja. Onesphore alikuwa kwenye misa, kaambiwa na mtoto wa jirani, kaja na suti imelowa, kapiga magoti kushika miguu ya mama yake, na mama anamfokea kwa Kirundi kuhusu suruali. Sijawahi kumpenda mtu aliyenikataa namna hii.

Jumatatu, 3 Novemba

Makarius kaangalia maji ya leo, moto moto kutoka kwapani. Bado wapo wanaotembea, ila wachache, na wazembe. "Wamechoka na soko," anasema.

Jumatano, 5 Novemba

Dawa nyekundu imempaka rangi mwanamke mzima. Mkojo mwekundu, jasho jekundu. Leo alilia kidogo kwa kumkumbuka dada yake, machozi yakatoka rangi ya chungwa, akayaona kwenye shuka, akapiga kelele kwamba namkausha damu kupitia macho. Shangazi akaketi naye saa nzima kumweleza. Mwisho akasema: "Basi mwambieni asije kuolewa na mwanangu akatoka na watoto wa rangi hii." Wodi nzima ilicheka, mimi nikacheka zaidi ya wote. Chumbani nikaacha kucheka. Kila nikimgusa, neno ni lilelile, sijakubali, sijakubali. Nimeanza kulichukia lile neno lililonipa furaha Jumapili.

Ijumaa, 7 Novemba

Chupa zinaelekea kuisha. Daktari kaongea kwa redio ya parokia, padri wa Tabora kazipata nyingine, zimepakiwa kwenye treni ndani ya boksi la chanjo na barafu. Treni ya Jumamosi.

Jumamosi, 8 Novemba

Treni haikuja. Reli imekatwa na maji upande wa Kaliua. Watu wanaiita mvua hii Elinino, kila mtu ghafla mtaalamu wa Elinino.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetumia chupa ya mwisho. Maji ya uti wa mgongo yanakaribia kuwa safi, yanakaribia tu. Daktari anasema tukiacha sasa watazaliana upya. Onesphore katoka alfajiri na baiskeli, kasema anaifuata reli mpaka aikute hiyo treni. Nikamuuliza utaikuta wapi? Akasema reli ni moja tu, haiwezi kunipotea.

Mama kauliza mwanangu yuko wapi. Nikadanganya, nikasema kaenda kupalilia.

"Kwa mvua hii?" akasema. Halafu akanishika mkono, akaushikilia, mkono una joto. Nikakaa kando ya kitanda. Akasema: "Sijakubali." Akaendelea kuushika.

Jumatatu, 10 Novemba

Hakuna Onesphore, hakuna dawa. Homa ya Mama imepanda kidogo jioni. Nimegombana na kila mtu, na Shangazi, na Makarius, na mpishi. Daktari peke yake sikugombana naye kwa sababu alinikimbia.

Jumanne, 11 Novemba

Kelele kutoka upande wa stesheni. Nilidhani ni maandamano. Tukatoka. Juu ya reli kinakuja kiberenge cha mafundi wa reli, kile cha kusukuma kwa mikono, wanaume sita wameloa, wanapeleka chini wanapandisha juu, wanaimba, na katikati yao amekaa Onesphore, matope mpaka kwenye nyusi, amekumbatia boksi la chanjo kama mtoto mchanga. Mafundi walikuwa wamekwenda kuangalia palipobomoka, wakamkuta anarudi kutoka ng'ambo ya pili, keshavuka kwa miguu, keshalipokea boksi kwa kondakta. Wakampakia pamoja na baiskeli.

Nilimkumbatia mbele ya watu wote. Mbele ya Padri! Shangazi akakohoa. Akohoe.

Barafu ilikuwa imebaki kipande kidogo kama sabuni ya kuishia. Dawa nzima. Adhuhuri iko mwilini.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama amekula wali. Amesema hauna chumvi. Una chumvi. Kisha tukagundua kwamba hasikii harufu ya kitu chochote, wala vitunguu, wala spiriti. Daktari anasema amiba wamepita njia ya harufu, huenda wameiharibu moja kwa moja. Nilidhani atalia. Akafikiri, akasema, "Basi nitaweza kulala karibu na Makarius," maana Makarius alikuwa ametoka kucheza mpira. Ninampenda huyu mama, nimeamua. Hata akinikataa mpaka siku ya mwisho.

Jumanne, 18 Novemba

Tumekwenda Katumba mimi na Makarius kueleza watu habari za maji ya puani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kitaalamu. Wazee wakaisikiliza kwa heshima, pua zimebanwa, wakaanza kusinzia. Makarius akaniomba nikae, akatunga wimbo palepale, sauti nne, kwamba pua ni mlango na maji yachemshwe kwanza yapoe ndipo yaingie. Wakasimama wakacheza. Shimo la vitalu wamelifunika wenyewe kwa magogo. Yule baba mdogo aliyeniangalia mikono kanipa kuku.

Ijumaa, 21 Novemba

Onesphore kamkabili mama yake. Nilikuwa nyuma ya pazia nahesabu vidonge, sikwenda kusikiliza, nilikuwepo tu.

"Mama, mtu huyu amekutoa kaburini. Mpaka lini?"

"Amemaliza kunichoma?"

"Bado."

"Basi sijakubali. Usiniulize tena."

Onesphore katoka kapiga teke ndoo. Mimi vidonge vikanimwagika. Hivi moyo wa mtu unaweza kuwa mgumu kiasi gani? Nimemuuliza Shangazi. Shangazi akatabasamu lile tabasamu lake la kuudhi, akaniambia niokote vidonge.

Jumatatu, 24 Novemba

Maji safi kama ya kisima. Makarius kaangalia mpaka jicho likamuuma. Hakuna anayetembea. Daktari kaangalia. Mimi nimeangalia. Hakuna! Daktari anasema tumpe sindano nyingine ya uti wa mgongo kwa usalama, kisha basi. Kaenda kukaa peke yake chini ya paa la jikoni, nikamwona anapangusa miwani kwa plasta.

Alhamisi, 27 Novemba

Leo ndiyo siku. Mvua imeacha kidogo, jua limeingia wodini. Mama mwenyewe kajilaza ubavu, kajikunja bila kuambiwa, ameshazoea. Shangazi kashika beseni, Onesphore kashika miguu, Daktari kasimama na mkono wake, plasta tutaitoa kesho. Nikasafisha, nikapapasa, nikaingiza. Hakutikisika. Dawa ikaingia polepole, nikahesabu pumzi zangu, nikachomoa, nikaweka pamba.

Nilikuwa nimeamua. Nitamtakia heri, nitamwambia aende salama na mwanawe, na sitalia mpaka trekta lipite geti.

"Umemaliza?" akauliza, bado amelipa kisogo dirisha.

"Nimemaliza, Mama."

"Hakuna nyingine? Hata ya kupima?"

"Hata ya kupima. Umepona."

"Daktari, ni kweli?"

"Kweli kabisa," akasema Daktari.

"Dorotea, umesikia?"

"Nimesikia, wifi yangu," akasema Shangazi. Wifi! Nikamgeukia, naye yuko na lile tabasamu.

Mama akavuta pumzi.

"Mimi siku ile ya kwanza nilisikia," akasema. "Mlidhani nimekwenda, lakini nilisikia Dorotea anasema binti aliyekataliwa si mkwe. Nilipofumbua macho nikakuona umekonda, koti limejaa matapishi yangu, moyo wangu ukakubali palepale. Lakini ningesema, nani angenichoma? Daktari ana mkono mmoja. Nikasema ngoja, Séverine, ufunge mdomo mpaka dawa iishe."

Onesphore aliachia miguu. Kakaa chini sakafuni, analia na kucheka.

"Sasa mwanangu unangoja nini," Mama akaniambia, "unanikodolea macho. Nifunike mgongo, mkwe wangu."

Nikamfunika.